Safari ya Kwanza ya Wawili: Mwongozo wa Kutembea Uswisi na Italia kwa Treni na kwa Gari

Mume na mke wanaokusudia kwenda kutembea Ulaya kwa mara ya kwanza aghalabu huanza kwa kuhesabu miji, wakaandika Paris, Zurich, Venezia, Vienna na Roma, mpaka karatasi ikajaa majina na siku zikaisha kabla ya majina kwisha. Mwanzo huo una madhara, kwa maana safari iliyopangwa kwa wingi wa miji huwapa wasafiri stesheni nyingi, mizigo ya kufunga na kufungua kila asubuhi, na usingizi haba; na watu wawili waliochoka katika nchi ya ugeni hawakawii kukosana juu ya jambo dogo kama mlango gani wa stesheni utokao mjini. Rai yangu, nayo ndiyo nguzo ya mwongozo huu, ni kwamba safari ya wawili ijengwe juu ya shauri la wawili kabla ya kununuliwa tikiti yoyote. Kwamba masafa marefu ya mji hata mji yaachiwe treni. Na kwamba gari likodiwe kwa siku chache tu, katika nchi ya vijiji ambako treni haifiki. Ili maneno haya yasibaki hewani nitayafuatisha njia moja iliyo sahali kwa wanaoanza, itokayo Zurich na kuishia Roma.

Shauri kabla ya tikiti

Ketini pamoja jioni moja ya faragha, kila mmoja na karatasi yake, na kila mmoja aandike, pasipo kumwonyesha mwenzake, mambo matatu ambayo akiyakosa huko atarejea na dukuduku moyoni, na mambo mawili anayoyahofu, yakiwa ni baridi, vilele virefu, deni, au kuendesha gari upande asiouzoea. Kisha badilishaneni karatasi, msome kwa insafu. Matamanio hayo sita ndiyo nguzo za safari: kila siku itakayopangwa na itumikie mojawapo, na lolote lisilotumikia hata moja lihesabiwe kuwa ni ziada ambayo ikipatikana ni heri na isipopatikana hapana majuto. Hofu nne nazo zipewe dawa mapema, madhali hofu iliyonyamaziwa nyumbani huzuka njiani ikiwa imegeuka ghadhabu. Mume asichukue kimya cha mkewe kuwa ni ridhaa, wala mke asichukue haraka ya mumewe kuwa ni maarifa. Yasemwe yote wakati kusema hakugharimu kitu.

Katika kikao hicho hicho gawaneni kazi. Mmoja awe mwenye kutunza hati na kujua saa za treni, mwingine awe mwenye kushika hesabu ya fedha na kuchagua malazi, na kila mmoja awe na nakala ya vitu vya mwenzake, ili simu ikipotea au mkoba ukiibiwa safari isisimame.

Majira na njia

Majira ya joto ya huko ni Juni, Julai na Agosti. Julai na Agosti joto la Firenze na Roma hupita mara nyingi digrii 35, na ni joto la nchi kavu lisilo na upepo wa bahari tuliouzoea sisi watu wa pwani. Fauka ya hayo, katikati ya Agosti, hasa tarehe 15, ambayo Waitalia huiadhimisha kwa jina la Ferragosto, maduka mengi ya mitaani hufungwa na wenyeji wengi hukimbilia pwani na milimani. Siena nayo hujaa pomoni tarehe 2 Julai na 16 Agosti kwa ajili ya mashindano ya farasi ya Palio, na bei za vyumba hupanda. Kwa hiyo chagueni katikati ya Juni, au mkichelewa, mwanzo wa Septemba. Mwezi wa Juni jua la huko halizami ila karibu na saa tatu usiku, na mchana mrefu namna hiyo ni neema kubwa kwa msafiri, mradi asiutumie wote kwa kutembea.

Njia yenyewe ni ya usiku 17. Ingieni kwa ndege Zurich, mwende Luzern mlale usiku 3. Kisha Pontresina, katika milima ya mashariki ya Uswisi, usiku 2. Kisha Varenna, ukingoni mwa Ziwa Como, usiku 2. Firenze usiku 3. Shamba moja la kusini mwa Toscana usiku 4. Na mwisho Roma usiku 3, ambako mtapanda ndege ya kurejea. Nunueni tikiti ya ndege moja yenye kuingilia Zurich na kutokea Roma, kwa kuwa tikiti ya kwenda na kurudi mji mmoja itawalazimisha kupoteza siku nzima mkirudi mlikotoka. Mashirika ya ndege yapitiayo Addis Ababa, Istanbul, Doha na Dubai hufika miji yote miwili, na bei ya tikiti ya namna hii mara nyingi haiachani sana na ile ya kawaida.

Anayeona vituo sita ni vichache na apunguze, asiongeze. Mahali palipolalwa usiku mmoja hapaonwi, hupitwa.

Hati na idhini

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu mwaka 2008, kwa hiyo viza moja ya Schengen yatosha kwa nchi zote mbili, nayo huruhusu kukaa kwa kadiri ya siku 90 katika kila siku 180. Maombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Na kwa kuwa njia hii ina usiku 5 wa Uswisi na usiku 12 wa Italia, ombeni kwa Waitalia, hata kama ndege yatua Zurich. Mkitaka kuchepuka kwenda London, jueni kwamba Uingereza ina viza yake mbali.

Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini waweza kufika siku 45, na nafasi za kuonana na wapokeaji wa maombi hujaa karibu na majira ya joto. Mwenye kusafiri Juni na aombe Februari au Machi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi maombi yakikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, itumike katika eneo lote la Schengen, na ihusishe matibabu ya dharura na gharama za kurejeshwa nyumbani.

Anayesoma maombi hutafuta mambo mawili: uwezo wa kujilipia na sababu ya kurudi. Wekeni taarifa za benki zinazoonyesha mapato ya kila mwezi, barua ya mwajiri inayotaja likizo na tarehe ya kurejea kazini, au leseni ya biashara na hati za kodi kwa wanaojitegemea, pamoja na cheti cha ndoa na ratiba ya safari siku kwa siku. Fedha iliyoingizwa ghafla katika hesabu wiki moja kabla ya maombi huzua shaka kuliko uchache wa fedha. Na bibi harusi aliyebadilisha jina baada ya ndoa ahakikishe kwamba tikiti ya ndege imeandikwa jina lile lile lililo katika pasipoti, harufi kwa harufi, hata kama cheti cha ndoa chasema jingine.

Mpaka viza itoke, wekeni nafasi za vyumba zinazoweza kufutwa bila ya malipo, na msinunue tikiti za treni zisizorudishwa. Mkifika mpakani mtapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa mfumo ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025. Bebeni mkononi bima, anwani ya malazi ya kwanza na tikiti ya kurudi, kwani afisa ana haki ya kuviuliza.

Masurufu

Gawanyeni fedha mafungu manne: nauli, malazi, chakula na matembezi, na fungu la dharura lisiloguswa kwa hiari. Uswisi hutumia faranga yake, Italia hutumia yuro. Na Uswisi ni nchi ya gharama kubwa, hata mlo wa kawaida wa hotelini waweza kumshtua mgeni, kwa hiyo kwa siku zenu za huko chagueni chumba chenye jiko, mkanunue mikate, jibini, matunda na kuku wa kuokwa katika maduka ya Coop na Migros, ambayo yako karibu na kila stesheni kubwa. Maji msinunue: mabomba na chemchemi za mitaani za Uswisi na Roma hutoa maji safi ya kunywa, ila pale palipoandikwa kuwa hayanyweki. Italia kahawa inywewayo kwa kusimama mbele ya meza ya muuzaji ni rahisi kuliko ile ya kuketi, na hesabu ya chakula huwa na ada ndogo ya kila mtu kwa ajili ya meza na mkate, iitwayo coperto. Hoteli za miji mingi hutoza pia kodi ya mgeni ya kila usiku, ambayo hulipwa papo hapo mbali na bei ya chumba.

Bebeni kadi mbili za benki katika mikoba miwili tofauti, mwarifu benki siku za safari yenu, na mashine ikiuliza kama mwataka kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagueni fedha ya pale, maana kiwango cha kubadilishia cha mwenye mashine ni kibaya siku zote. Atakayeendesha gari lazima awe na kadi ya mkopo yenye jina lake mwenyewe. Jambo hili nitalirudia.

Treni za Uswisi

Stesheni ya treni imo chini ya kiwanja cha ndege cha Zurich, na kutoka hapo treni huenda moja kwa moja hadi Luzern kwa muda wa saa moja na dakika chache. Kwa siku zenu za Uswisi nunueni Swiss Travel Pass ya siku 6 mfululizo: inaanza siku mtakayofika na inakwisha siku mtakayovuka kuingia Italia, nayo hujumuisha treni, mabasi, meli za maziwani, usafiri wa ndani ya miji, na viingilio vya majumba ya makumbusho yapatayo 500. Pasi hii huwaondolea wageni taabu kubwa ya kuuliza bei kila mahali, na treni nyingi za Uswisi hazihitaji kuweka nafasi ya kiti.

Mjini Luzern siku moja pandeni meli hadi Vitznau, kisha treni ya meno ya kupanda mlima Rigi, ambayo ilifunguliwa mwaka 1871 na ndiyo ya kwanza ya milimani katika Ulaya; meli na treni zote mbili zimo katika pasi yenu. Siku nyingine iwe ya kutembea mjini taratibu, daraja la mbao la Kapellbrücke na kando ya ziwa, kwa kuwa mwili uliotoka safari ya usiku wa ndege una haki yake.

Yafaa kuzoea kanuni chache za stesheni. Saa huandikwa kwa hesabu ya 24 tangu usiku wa manane, kwa hiyo 14.32 ni saa nane na dakika 32 mchana; andikeni saa zote kwa namna ile ile ya huko, msizigeuze kichwani, na kumbukeni kwamba katika majira ya joto saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu. Treni haingoji mtu, na milango hufungwa kabla ya dakika ya kuondoka. Jukwaa limegawanywa kwa herufi A, B, C na D, na ubao wa matangazo huonyesha behewa la daraja lenu litasimama herufi gani. Treni nyingine hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda mji mmoja na ya nyuma mji mwingine. Someni jina lililoandikwa ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda. Na kila mmoja awe na sanduku moja tu aliwezalo kulipandisha ngazi peke yake, kwa maana mchukuzi hayupo na mara nyingine mna dakika 5 za kubadilisha treni.

Kuvuka Bernina

Sehemu hii ndiyo lulu ya safari nzima, na nataka msiipite kwa haraka. Kutoka Luzern mtakwenda Chur, na Chur mtapanda treni nyekundu ya njia nyembamba ipandayo bonde la Albula. Reli hii ya miaka ya mwanzo wa karne ya ishirini hupita juu ya daraja la Landwasser, lenye kimo cha mita 65 na lililopinda kama mundu, ambalo treni hulivuka na kuingia moja kwa moja katika handaki lililochimbwa usoni mwa jabali. Na baada ya Bergün reli hujizungusha ndani ya mlima, ikapita juu ya njia yake yenyewe, kwa kuwa mhandisi hakuwa na namna nyingine ya kupata kimo katika bonde jembamba. Lalini Pontresina, iliyo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo kisichotofautiana sana na cha Nairobi, ila upepo wake hutoka kwenye barafu.

Siku ya sita endeleeni kusini. Reli ya Bernina, iliyokamilika mwaka 1910, hupanda hadi mita 2,253 kwenye stesheni ya Ospizio Bernina, penye ziwa la maji meupe, kisha hushuka hadi Tirano, mita 429, kwa mteremko ufikao asilimia 7 pasipo meno ya kuizuia; na karibu na mwisho, kijijini Brusio, treni huzunguka duara kamili juu ya daraja la mawe ili kupunguza ukali wa mteremko. Mwaka 2008 njia za Albula na Bernina ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Iko treni ya wageni yenye madirisha makubwa, Bernina Express, ambayo lazima kulipia nafasi mbali na pasi. Lakini treni za kawaida za wenyeji hupita reli zile zile, hazina malipo ya ziada, huwaacha mshuke popote na kupanda inayofuata, na baadhi ya madirisha yake hufunguka. Pandeni hizo. Ketini upande wa kulia mkielekea Tirano, shukeni Alp Grüm mtazame barafu na bonde la Poschiavo kwa utulivu, na vaeni sweta hata ikiwa ni Juni.

Italia kwa treni

Tirano hubadilisha nchi, lugha na kanuni. Treni ya mkoa iendayo Milano hufuata ukingo wa Ziwa Como na husimama Varenna, ambako mtapumzika usiku 2 na kuvuka kwa feri hadi Bellagio. Tikiti za treni za mkoa zina bei moja siku zote, hivyo hapana haja ya kuzinunua mapema. Lakini tikiti ya karatasi ya treni hizo sharti ipigwe muhuri katika mashine ndogo iliyopo stesheni kabla ya kupanda, na asiyeipiga hutozwa faini hata kama amelipa nauli.

Kutoka Milano hadi Firenze, na baadaye Firenze hadi Roma, tumieni treni za kasi za Frecciarossa au Italo. Mwendo wa kwanza ni karibu saa mbili, wa pili ni kama saa moja na nusu. Hizi bei yake hupanda kadiri siku zinavyokaribia, na kila tikiti ina treni yake na kiti chake. Zinunueni mara viza itokapo, na mwache nafasi ya saa moja au zaidi pale Milano, kwa kuwa treni ya mkoa ikichelewa ile ya kasi haitawangoja. Ikitangazwa migomo, jambo lisilo la ajabu Italia, zipo treni za mkoa zinazohakikishwa siku za kazi kati ya 6.00 na 9.00 na kati ya 18.00 na 21.00.

Mjini Firenze jumba la picha la Uffizi hufungwa Jumatatu, na viingilio vyake, kama vile vya makumbusho ya Vatican kule Roma, ni vyema vinunuliwe wiki nyingi kabla. Kitu kimoja kikubwa asubuhi kinatosha. Mchana wa jua kali uwe wa kulala, na jioni iwe ya kutembea bila ya miadi.

Gari la Toscana

Gari halihitajiki Luzern, Firenze wala Roma. Mjini ni mzigo wenye kulipiwa. Lahitajika kusini mwa Siena, katika bonde la Orcia, ambako vijiji vya Pienza, Montepulciano, San Quirico na Montalcino vimekaa juu ya vilima vyao, mabasi ni machache, na uzuri wenyewe uko kati ya kijiji na kijiji. Likodini siku mnayotoka Firenze, katika ofisi za kiwanja cha ndege cha mji huo, ambako tramu hufika, na mlirejeshe pale pale, kwa kuwa kulirejesha mji mwingine kuna ada ya ziada. Kwa namna hiyo hamtaingia na gari katikati ya mji.

Leseni ya nyumbani iandamane na hati ya kimataifa ya udereva, ambayo Kenya na Tanzania hutolewa na chama cha wenye magari, AA. Mwenye kampuni ataizuia dhamana katika kadi ya mkopo ya dereva, na pasipo kadi hiyo gari halitolewi hata kama limelipiwa. Ombeni mapema gari la otomatiki, kwa sababu mengi ya huko ni ya gia za mkono, na mtu ajifunzaye kuendesha upande wa kulia asitwikwe pia kubadilisha gia kwa mkono asiouzoea. Someni bima: ulizeni kiasi ambacho kingebaki juu yenu gari likiharibika, na mpige picha kila mkwaruzo kabla ya kuondoka.

Katika gari la ugenini mmoja ni nahodha ashikaye usukani na mwingine ni rubani ajuaye miamba: nahodha hatazami ramani, rubani halaumu mwendo, na pakipotewa njia husimama pahali pa salama wakasemezana. Saa ya kwanza muwe katika barabara pana. Njia ya Firenze hadi Siena, kilomita 75 hivi, haina ushuru na ina njia mbili kila upande. Hatari ya kukosea upande huja zaidi asubuhi, mtokapo maegeshoni katika barabara tupu. Rubani na aseme kwa sauti, kulia, kila mgeuzapo. Mwendo wa vijijini ni kilomita 50 kwa saa, nje ya vijiji 90 kama hapana kibao kingine, na taa za mbele huwashwa nje ya miji hata mchana.

Jambo lenye kuwagharimu wageni kuliko yote ni eneo la ZTL, yaani kitovu cha mji wa kale kilichokatazwa magari yasiyo na idhini. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Kamera huandika namba ya gari, na faini hufuata miezi mingi baadaye kupitia kampuni ya kukodisha, ambayo nayo huongeza ada yake. Siena, San Gimignano na Montepulciano egesheni nje ya kuta, mwingie kwa miguu. Mistari myeupe ni maegesho ya bure, ya buluu ni ya kulipia, ya manjano ni ya wenyewe. Na kwenye kituo cha mafuta, benzina ni petroli, gasolio ni dizeli. Someni kifuniko cha tangi kabla ya kushika bomba. Namba ya dharura kote ni 112.

Chakula, mavazi na ibada

Makanisa ya Italia humzuia aliyefunua mabega au magoti, mwanamume kwa mwanamke. Kanga au mtandio mwepesi mkobani humaliza shida hiyo. Muislamu asafiri kwa moyo mkunjufu: samaki, mboga, maharage na tambi za nyanya zipo kila mahali, ila aulize kama mchuzi umetiwa divai au mafuta ya nguruwe, na Roma ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995. Kwa kuwa Isha ya Juni huingia usiku mwingi na Alfajiri hufuata upesi, ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya sala ni rehema ya kutumiwa, na ratiba ya siku ipangwe ikizingatia usingizi utakaokatika. Mkristo apendaye kusali Jumapili na atazame saa za ibada mapema, kwa maana makanisa mengi mashuhuri hufungiwa watazamaji nyakati hizo.

Mpango wa miezi

Miezi sita kabla, fanyeni shauri, hakikini pasipoti, na mwanze kuweka fedha katika hesabu kwa utaratibu. Miezi minne kabla, wekeni vyumba vinavyofutika na mwombe viza. Viza ikishatoka, nunueni treni za kasi, pasi ya Uswisi, gari na viingilio. Mwezi mmoja kabla, pateni hati ya kimataifa ya udereva na mwarifu benki. Wiki ya mwisho, acheni ratiba na nakala za hati kwa wazazi au ndugu mmoja mwaminifu, na mwombe radhi na dua yao.

Hatimaye wekeaneni sharti moja lisilovunjwa: kila mmoja ana haki, siku yoyote, ya kusema kwamba leo amechoka, na mwenziwe atalipokea neno hilo bila ya hoja wala kinyongo, hata kama tikiti ya makumbusho itapotea. Bei ya tikiti ni ndogo, na makumbusho yatangoja mwaka mwingine. Uliyekwenda naye ndiye utakayerudi naye, na kila hesabu iliyoandikwa hapo juu, ya siku, ya faranga na ya treni, ilikuwa kwa ajili ya kumpa nyumba ya baadaye mwenzi aliyesafiriwa naye kwa wema.